Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Wanachama wenzangu wa chama chetu cha matembezi na kupanda milima,

Nawasalimu nyote mliofika. Shughuli za mwaka mnazijua, sitawachosha: kupanda Menengai mara mbili, Longonot mara moja, makumbusho ya Hyrax Hill na watoto wakati wa likizo, miche ikapandwa (wanaoimwagilia maji wanajulikana). Katibu ana orodha.

Nije kwenye lile lililosemwa sana, mengi nikiwa nimegeuza kisogo: safari ya Agosti ya kupita korongoni hadi bwawa kuukuu la walowezi. Ni kweli niliwarudisha watu ikiwa imebaki nusu saa hivi tufike. Ni kweli ukuta wa bwawa ulikuwa unaonekana. Uamuzi ulikuwa wangu na siukani.

Wanaosema hakukuwa na mvua hawajasema uongo. Jua lilikuwa linatuchoma shingo. Lakini maji ya korongo hayangojei mvua ikunyeshee wewe. Hunyesha huko juu, nayo yakakufuata umeketi mwambani unamenya yai. Na huko juu kulikuwa kumefunga, kweusi. Niliinama kunawa mikono, nikaona kijito ambacho asubuhi ungehesabu kokoto zake kimegeuka rangi ya chai ya maziwa. Nikainua macho. Kwenye ufa wa mwamba, mahali nisipopafikia hata nikinyoosha mkono, kulikuwa na matete makavu na kandambili moja ya bluu. Haikupanda huko kwa kutembea.

Kaunti hii ya Nakuru haihitaji kuhubiriwa. Aprili 2012 vijana wa kanisa walisombwa na maji korongoni katika hifadhi ya Hell's Gate, na Septemba 2019 maafa yakarudi palepale. Na wanaouliza bwawa lina ubaya gani wakumbuke Solai, usiku wa 9 Mei 2018, bwawa lilipopasuka likaua watu zaidi ya 40. Mimi nisimame chini ya ukuta wa zamani, mto ukipanda, nikiwa na watu 14, wawili wao wamevaa ndala? Hapana. Niiteni mwoga.

Kuhusu nauli: waliojiandikisha walikuwa 31, waliokuja ni hao 14. Matatu ilikuwa imeshakodiwa kwa Sh12,000 na dereva alilipwa zote, maana kurudi mapema hakupunguzi kilomita. Pengo la Sh4,500 nililiziba kwa mfuko wangu. Sidai, nasema tu ijulikane. Walioandika barua ya kutaka kurudishiwa pesa ni watano, na watatu kati yao hawakuwa wamelipa.

Hapo ndipo penye ugonjwa wetu. Daftarini tuko 46. Ada ya Sh1,200 wamelipa 17. Wengine tangu Februari wananiambia "nitatuma jioni, mwenyekiti." Mikutano sita iliitishwa, akidi ikatimia mara mbili, na mojawapo ni ile iliyokuwa na pilau.

Mwakani, Mungu akijalia, tutarudi korongoni wakati wa kiangazi, tukipata mwenyeji wa kutuongoza. Kuna pia wazo la fulana, na pengine kamba za kupandia, hali ya mfuko ikiruhusu.

Mwenye swali kuhusu Agosti aliulize humu ukumbini leo, si kwenye kibanda cha chai kesho. Mweka hazina yuko mlangoni na kitabu cha risiti.

Mwenyekiti