Barua kwa Bakari: besi wa vuli katika Ziwa Erie

Buffalo, New York
29 Septemba

Swahiba wangu Bakari,

Assalaam aleikum. Natumai wewe, shemeji na watoto hamjambo huko Houston, na lile joto limeanza kuwapa nafasi ya kupumua. Sisi huku tu wazima, alhamdulillah. Vuli ya huku haina mvua ya kupandia mihogo. Ni majani kugeuka mekundu na kupukutika, na asubuhi pumzi yako unaiona.

Nimefurahi mno kusikia umepata likizo wiki ya mwisho ya Oktoba. Umeuliza uje na chambo gani, ukanitumia na picha ya lile sanduku la dukani lenye vipande arobaini. Usilinunue, ndugu yangu. Pesa hiyo nunulia koti na soksi za sufu. Chambo bandia tutakachotumia ni aina tatu, labda nne, na kila moja ina wakati wake.

Kwanza mjue samaki mwenyewe. Ni besi wa mdomo mdogo, wavuvi wa hapa humwita smoli. Besi wa mdomo mkubwa, yule wa mabwawa yenu ya Texas, pembe ya mdomo wake hupita jicho. Ya huyu haivuki hapo. Yule hupenda majani na magogo, huyu hupenda mawe. Rangi yake ni kahawia ya shaba, ana michirizi ya kusimama ubavuni, na akinasa huruka nje ya maji mara tatu, nne, hata katika baridi. Kilo 2 ni samaki wa kupigia picha. Tarehe 3 Novemba 2022, Gregg Gallagher wa Ohio alivua mmoja upande wa Kanada wa ziwa hili hili, ratili 10.15, yaani kilo 4.6. Angalia mwezi huo. Wengi huwa wameshafunika boti zao, na ndio wakati samaki wakubwa wamekusanyika na kunenepa.

Unakumbuka tulivyokuwa tukitoka Deep Sea, kule Tanga, alfajiri na ngalawa ya marehemu babu yako? Ukitaka kolekole ulivuta chambo mbio mpaka mkono ukauma, kwa kuwa kolekole hufukuza. Ukitaka chewa ulishusha ngisi mpaka kwenye jiwe ukatulia, kwa kuwa chewa hafukuzi, hungoja chakula kimpitie mlangoni. Besi wa vuli ni wote wawili. Septemba ni kolekole, mwisho wa Novemba ni chewa, nawe unakuja katikati, akiwa anageuka. Kazi yetu kila asubuhi itakuwa kujua amefika wapi katika kugeuka huko.

Kinachomgeuza ni joto la maji. Tanga tulihesabu mwezi, tukajua leo bamvua, baada ya wiki maji mafu. Huku natia kipimajoto majini kabla sijafunga ndoano. Mwili wa samaki hufuata joto la maji anamokaa. Yakipoa, hata chakula tumboni husagika polepole, na hana sababu ya kupoteza nguvu kukimbiza kitu kinachokwenda mbio. Hajaacha kula. Anataka tu kitu kilicho karibu na kisicho na haraka.

Leo asubuhi nimepima nyuzi 18. (Kwenye boti utaona mashine inasoma 64, usishtuke, hawa wanahesabu kwa Farenhaiti.) Kwa nyuzi hizo bado ni kolekole. Visamaki vyembamba vya rangi ya fedha, wanaviita shaina, ukiviona utasema dagaa, vinaingia kwa makundi bandarini na kwenye mdomo wa Mto Niagara, na besi wako nyuma yao. Nikiona shakwe wanapiga mbizi mahali pamoja, naelekea huko, kama tulivyofanya kwa jodari. Natupa kijisamaki cha plastiki, kirefu kama kiganja, kile kisichozama wala kuelea kikisimama. Navuta kwa mshtuko mara mbili, naacha, navuta tena. Karibu kila mara samaki hula pale kilipoachwa. Sasa hivi naacha kwa sekunde moja au mbili. Utakapofika tutahesabu mpaka tano, na mwisho wa Novemba mpaka kumi na zaidi.

Lakini wiki yako, nadhani maji yatakuwa nyuzi 12 au 13, na chambo nitakachokupa kwanza ni tyubu. Ni kifuko cha mpira laini chenye mikia mingi nyuma. Nilipokiona mara ya kwanza nilisema huyu ni ngisi mdogo. Ndani kinaingia kichwa cha risasi chenye ndoano, gramu 10 upepo ukiwa mdogo, 14 ukiwa mkubwa. Hapa, hata hivyo, tyubu haimwigi ngisi. Inamwiga gobi, samaki wa chini mwenye kichwa kikubwa, asili yake Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi. Aliletwa na meli katika maji ya kusawazishia uzito, akaonekana mara ya kwanza katika Mto St. Clair mwaka 1990, na baadaye akaenea ziwa zima. Ni mgeni mharibifu, hula mayai ya samaki wengine, hata ya besi mwenyewe. Lakini besi naye amemfanya kitoweo cha kila siku, na ananenepa kwa ajili yake.

Gobi hana kibofu cha hewa. Hawezi kuelea katikati ya maji. Huruka kidogo juu ya jiwe, akatua, akatulia. Basi tyubu yako isiwahi kuondoka chini. Iburute uhisi jiwe, jiwe, jiwe, na ukihisi ghafla pamekuwa laini ujue mwamba umeisha na mchanga umeanza. Simama hapo hapo. Ukingo huo ndio mlango wa besi, na kwenye mwamba wa Seneca Shoal nitakuonyesha zaidi ya mmoja. Rangi yangu ni kijani cha mzeituni chenye kahawia. Nimejaribu nyingine, narudi kwenye hiyo.

Samaki wakiwa wamelala na upepo umetulia, tutatumia dropushoti, na hapo huhitaji mwalimu. Ni mshipi wa babu ule ule: chubwi chini, ndoano juu yake shibiri moja au mbili, na kijisamaki cha mpira badala ya ngisi. Shusha, kaza uzi, na usitikise. Mtikisiko wa boti unatosha.

Aina ya mwisho ni bledi, kipande cha chuma bapa chenye umbo la samaki, gramu 14, kinachotetemeka ukikiinua. Hiki ni cha Novemba, nyuzi 10 kushuka chini. Mwaka wangu wa kwanza nilikwenda nacho Jumamosi tatu bila samaki hata mmoja. Nilikuwa nakizungusha na rili mbio, nikidhani mtetemo mwingi ndio wito. Mzee mmoja aliyekuwa akivua kando yangu kwenye ukuta wa mawe aliniambia, bila kunitazama, "Acha kuzungusha. Inua, kisha ushushe nacho." Maana yake kiinue kama shibiri moja na nusu, halafu fimbo ishuke pamoja nacho, uzi usilegee. Samaki hula kikishuka, nawe huhisi kitu mpaka unapoinua tena na kuona kumekuwa kuzito. Saa ile ile nilipata wawili. Bado nasikia sauti ya mzee yule kila ninapokifunga.

Uzi: wa kusuka, unaohimili ratili 10, na mbele yake kama pima moja na nusu ya florokaboni, uzi usioonekana sana majini, wa ratili 8. Usiache hiyo ya mbele. Kome wadogo waliovamia maziwa haya tangu miaka ya 1980 huyachuja maji yakawa maangavu, na besi anaona vizuri mno.

Sasa jambo la samaki wenyewe, maana najua utauliza lini tunakaanga. Besi wakubwa nawarudisha, Bakari, na naomba tukubaliane hivyo. Huku kwenye baridi samaki hukua taratibu. Wa kilo 2 anaweza kuwa na miaka minane au zaidi. Na vuli wanapokusanyika pamoja, mtu mmoja anaweza kuumaliza mwamba. Wala sivui penye kina kinachozidi mita 10. Niliwahi kumtoa mmoja mita 13, hewa ikamvimba tumboni, nikamrudisha akaelea ubavu, akipigapiga mkia asiweze kuzama. Nilibaki naye nusu saa nzima. Sitaki kuliona tena. Kwa kukaanga kuna pechi wa manjano, mtamu kuliko changu (utabisha, najua, subiri uonje), na shemeji yako ameshanunua ndimu na pilipili.

La upepo nalichukulia kwa uzito kuliko yote. Tanga kusi ni kusi na kaskazi ni kaskazi, miezi kwa miezi. Huku unaweza kugeuka kati ya chai na adhuhuri. Ziwa lina urefu wa kilomita kama 388, limelala kuelekea kwetu, na upepo wa kusini-magharibi hulisukuma lote mpaka Buffalo. Kwa kuwa maji si ya kina kirefu, mawimbi huwa mafupi na yamesimama, hayakupi nafasi ya kupanda na kushuka kama ya baharini. Ikitabiriwa hivyo hatutoki. Tutavua mtoni au kwenye ukuta wa bandari. Jaketi la kuokolea utavaa muda wote. Sheria ya hapa inalazimisha kwa boti ndogo kuanzia tarehe 1 Novemba, kwangu inaanza siku utakayofika.

Leseni ya mgeni tutakata mtandaoni usiku utakaotua. Njoo na glavu zinazoacha ncha za vidole wazi, na ile fimbo yako fupi iache nyumbani, nimekuwekea ya futi saba. Niandikie saa ya ndege ili nibadilishe zamu yangu kazini mapema.

Wasalaam,
Ndugu yako, Salim