Desemba tunaenda kwetu, mbwa tunamwachia nani?

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua maana hili jambo limenikaa rohoni tangu mwaka jana na sa hivi naona watu wameshaanza kukata tiketi za Desemba, hapa mtaani Kimara kila unayekutana naye anakuuliza we unapanda lini, na mi najua kwenye hizo nyumba zitakazofungwa wiki mbili tatu kuna mbwa wengi tu watakaobaki wamefungwa uani na sufuria moja ya maji.

Mi mwenyewe nilifanya hivyo hivyo. Kwetu ni Marangu, na Mchaga anavyojulikana Desemba lazima aende nyumbani, hata kama hana hela atakopa. Mwaka jana tuliondoka tarehe 19 tukarudi tarehe 4 Januari. Mbwa wetu anaitwa Bobi, ni hawa hawa mbwa wetu wa kawaida, wa kahawia, kifuani ana baka jeupe, tumekaa naye mwaka wa sita huu na watoto wangu wamejifunza kutembea wakiwa wameshika mgongo wake. Nikamtafuta kijana mmoja hapo mtaani anayefagia fagia kwenye nyumba za watu, nikampa elfu 30, nikamwachia mfuko wa dona kilo 10 na dagaa sado moja, nikamwambia asubuhi na jioni umpikie ugali umchanganyie dagaa, maji yasikauke, na usiku umfungulie. Akasema sawa bosi wala usijali. Nikaondoka moyo mweupe kabisa.

Sasa tarehe 24 yule kijana naye akapanda basi akaenda kwao Singida. Na jamani mi simlaumu sana, naye ni mtoto wa watu, ana mama yake anamsubiri, mi ndo sikumuuliza swali hata moja kwamba je na wewe sikukuu unakula wapi? Hela nilishampa yote mkononi, funguo za geti anazo yeye, simu yake ikawa haipatikani, nikajua labda chaji maana kijijini netiweki shida, nikaendelea kunywa mbege, ile pombe yetu ya ndizi, na ndugu zangu.

Bobi alikuwa kwenye mnyororo.

Aliyemwokoa ni mama jirani yetu, mtu mzima, Mwislamu safi, hajawahi kumgusa mbwa maishani mwake na mi siku zote nilikuwa namheshimu kwa hilo, hata Bobi nilikuwa simwachii akasogelea mlango wake. Aliniambia hivi tuliporudi: "Baba, alibweka siku mbili mchana na usiku, ya tatu akanyamaza, hapo ndo nikaogopa." Akachukua mpira wa kumwagilia bustani akaupitisha chini ya geti letu akafungulia maji, yakatiririka kwenye sementi mpaka pale mnyororo ulipofika, Bobi akawa analamba maji chini sakafuni. Chakula alikuwa anafunga ugali kwenye mfuko wa nailoni anautupa juu ya ukuta, mingine ikiangukia mbali mbwa anaiona lakini haifikii. Nilipomshukuru akasema hamna cha asante, kumpa maji mnyama mwenye kiu ni thawabu. Nikamuuliza mama mbona hukunipigia, akanijibu namba yako nitaitoa wapi mwanangu? Miaka minane tunapakana ukuta na hana namba yangu!

Tulipofungua geti Bobi hakuja. Alitikisa mkia akiwa amelala. Mbavu unazihesabu, na shingoni mnyororo ulikuwa umekula ngozi mpaka nyama, nilipousogeza kidogo nikaona vinatembea vitu vyeupe, funza. Mwanangu wa pili alitoka mbio akaenda kutapika. Dokta wa mifugo alikuja akawatoa mmoja mmoja, akasafisha, akamchoma sindano, tukawa tunamwosha kidonda kila siku karibu mwezi mzima. Leo pale shingoni manyoya hayajaota, kuna mstari mweusi umezunguka kama kola, na mi kila nikiuona roho inaniuma.

Ndo maana naandika. Watu wengi tunadhani mbwa unamwachia nyumba, kwamba yeye ndo mlinzi basi akae alinde, kumbe mbwa anaachiwa mtu, na huyo mtu lazima awe anabaki kweli. Muulize waziwazi, kwenu ni wapi, sikukuu utakuwa wapi, ukiumwa nani atashika zamu. Mlipe vizuri maana ni kazi, elfu 30 ya wiki mbili mi mwenyewe nikiifikiria naona aibu, na umpe nusu kwanza, nusu nyingine umpe ukirudi, na katikati umpigie kila jioni akuonyeshe mbwa kwa video. Umlete wiki nzima kabla hujasafiri ampe Bobi chakula wewe ukiwepo, mbwa amjue harufu yake, la sivyo siku ya kwanza tu anaingia getini anang'atwa na hatarudi tena. Na ufunguo mmoja uwe kwa jirani.

Kuna wenzangu watasema ah mbwa tu huyo, binadamu wenyewe wana shida. Sawa, lakini fikiria mbwa aliyekata kamba kwa njaa anaenda wapi? Anaenda jalalani kwenye makundi ya mbwa wasio na wenyewe, akirudi, awe amechanjwa au hajachanjwa, we hujui nini kimemng'ata huko. Kichaa cha mbwa dalili zikishatokea kwa mtu hakuna dawa, karibu wote wanakufa, na karibu wote wanakipata kwa kung'atwa na mbwa. Aking'atwa mtoto, kidonda kioshwe hapo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 nzima, msimpake majivu wala mafuta ya taa, halafu akimbizwe hospitali akaanze chanjo siku hiyo hiyo. Chanjo ya mbwa ni mara moja kwa mwaka, mtoto wa mbwa anaanza akifika miezi mitatu, na ukimchanja leo kinga haiji leo, inataka wiki tatu hivi, kwa hiyo anayesafiri tarehe 20 Desemba amchanje Novemba hii hii. Na Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu 2008, kumwacha mnyama afe njaa ni kosa, sio hiari ya mtu.

Pasaka mwaka huu nikasema liwalo na liwe, naenda naye. Nilianzia stendi ya Magufuli pale Mbezi kuuliza. Konda wa basi moja akaniambia mlete tu, anakaa kwenye buti na mabegi, utatoa ya mzigo mkubwa. Mi nikamwangalia nikamuuliza kule kuna hewa? Akacheka. Jamani mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi, anapoa kwa kuhema ulimi nje, sa ukimfungia kwenye buti la chuma toka Dar mpaka Moshi, kilomita kama 550, na lile jua la Mombo na Same, unamuua. Hata kwenye gari dogo ukimfungia vioo ukaingia kula, kama nje ni nyuzijoto 30 ndani ya nusu saa kule ndani inaweza kupita 45. Na kuacha kioo wazi kidole kimoja hakusaidii chochote.

Mwisho tukachangishana na shemeji zangu tukakodi Noah. Nilishaenda kwa afisa mifugo wa kata wiki mbili kabla nikamuuliza habari ya kibali na kadi ya chanjo, nawashauri na nyie muulize mapema msisubiri kusimamishwa njiani. Jioni kabla ya safari Bobi alikula mapema halafu basi, hatukumpa kitu asubuhi, maji tu kidogo. Tukatoka saa 10 alfajiri, yeye nyuma kabisa amelalia kanga ya mke wangu, kanga ile ile ya nyumbani haijafuliwa ili asikie harufu ya kwao. Tulisimama Msata, Segera, Mombo, Same, kila tukisimama anashuka na kamba yake, hata kama gari limepoa na kila mtu amechoka, maana mbwa akishtuliwa na honi ya lori pale Segera anaingia barabarani na humpati tena. Sio kamba ya shingo lakini, siku hizi namfunga ile ya kifuani, fundi viatu hapa Kimara alinishonea kwa mkanda wa begi. Karibu na Korogwe alianza kutoa udenda mwingi, kumbe ndo dalili ya kichefuchefu, kabla hatujapaki kashatapika, tukasafisha tukaendelea. Saa 8 mchana tuko Moshi, na tulipoanza kupanda kwenda Marangu ile hewa ya baridi na harufu ya migomba vikaingia dirishani, Bobi akainuka akatoa pua nje akafumba macho.

Kule napo usimwachie tu. Mbwa wa shambani wana eneo lao, siku ya kwanza walitaka kumrarua, tukamweka kibandani siku mbili wakazoeana kupitia mbao. Na kupe, kila jioni nilikuwa namkagua masikioni na katikati ya vidole, maana hao kupe ndo wanaleta homa zinazoua mbwa wengi.

Desemba hii lakini tunaenda wengi, gari limejaa, Bobi atabaki. Nimepata mama mmoja anayeishi hapa hapa Kimara na wanawe, hasafiri, ana mbwa wake mwenyewe, tumekubaliana elfu 5 kwa siku na chakula juu yangu, na Jumapili iliyopita tulienda naye Bobi akalala usiku mmoja kujaribu. Ninachoomba kwenu gazeti, mtuwekee mapema siku na vituo vya chanjo vya manispaa, hata kona ndogo tu, wengi wanazisikia zikishapita.

Mama jirani nimemwandikia namba zangu mbili kwenye karatasi, kaibandika kwenye friji lake. Na mpira wa kumwagilia nimemnunulia mpya.

Msomaji wenu,
Kimara, Dar es Salaam