Kioo cha kompyuta kinazima ghafla? Angalieni nyaya kwanza

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwa wenzangu wanaoboresha kompyuta zao nyumbani. Mimi nilichomeka kadi mpya ya grafiki, ile inayotengeneza picha za kwenye kioo, nikafurahi siku mbili tu, kisha kioo kikaanza kuzima chenyewe, mara nikiandika mara nikitazama video, yaani hakina ratiba. Fundi akasema kadi imekufa ninunue nyingine. Nikagoma.

Nilichogundua ni kwamba kioo kikiwa cheusi muziki ulikuwa unaendelea na feni zinazunguka, maana yake mashine iko hai, picha tu ndo haifiki. Ingezima yote ningeshuku pawa saplai, ile inayogawa umeme ndani ya mashine. Nikabonyeza Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja, hiyo inawasha upya draiva ya grafiki, yaani programu inayoendesha kadi, ikalia pii lakini wapi. Nikafuta draiva ya zamani nikaweka mpya, bado. Basi nikabadili waya wa HDMI, unaopeleka picha kwenye kioo, ule wa zamani ulikuwa umelegea pale kwenye kichwa, ukiugusa tu kioo kinapepesa! Wiki ya tatu sasa haijazima hata mara moja, na fundi simu zangu hapokei.

Msomaji wenu