Unabonyeza vitufe vitatu, inatoka noti moja: kuhusu SH-101 na bili yangu

Juzi nikiwa nafunga ofisi, simu iliita. "Fundi, umekula hela yangu. Nabonyeza C, E na G, inatoka moja tu!" Huyo ni mteja wa nne kunipigia kwa jambo hilohilo. Alikuwa amenilipa Sh 180,000 nimtengenezee Roland SH-101, sinthesaiza (kinanda cha umeme kinachounda sauti zake chenyewe) aliyoletewa na kaka yake kutoka Japani, na mimi nilishinda nayo mezani siku mbili. Basi acha niandike hapa, msome kabla hamjaniita mwizi.

SH-101 ilitoka 1982. Ina vitufe 32 na osileta moja, yaani sakiti moja inayozalisha sauti. Osileta moja ni noti moja kwa wakati mmoja. Ndivyo ilivyotoka kiwandani, na hakuna fundi, awe wa Kariakoo au wa Tokyo, wa kukutolea tatu humo. Ukitaka kusindikiza kwaya, tafuta kinanda cha kwaya. Ninavyo viwili hapa, tena bei nzuri.

Utamu wa SH-101 uko kwenye slaidi zake, vile vidhibiti vya kusogeza juu na chini. Kuna ya wimbi la msumeno, ya wimbi la mraba, ya kelele, na ile ya osileta ndogo ambayo ndiyo roho ya mashine. Hiyo ndogo haijitegemei: inachukua mtetemo wa ile kubwa na kuugawa kwa mbili au kwa nne, ndiyo maana hukaa oktava moja au mbili chini yake na haipishani nayo hata chembe. Pandisha zote, bana filta (kichujio cha sauti) kidogo, bonyeza kitufe cha chini kabisa. Kijiko kikianza kulia ndani ya kikombe changu cha chai, najua kazi imeisha.

Sasa hela inakwenda wapi? Kwanza, slaidi. Zikiingia vumbi zinakwaruza, na mtu anaona aokoe pesa kwa kupulizia mafuta yale ya kulegeza bolti zenye kutu. Kijana mmoja wa Sinza alikuja na kopo lenyewe mkononi, anajisifu kwamba zimekuwa laini kama siagi. Baada ya miezi miwili alirudi. Nilipofungua, grisi ya kiwandani ilikuwa imeyeyuka yote, vumbi limegandana na mafuta kama tope jeusi, na slaidi mbili njia yake ya kaboni imelika. Ikabidi nichomoe moja moja, nisafishe kwa spiriti, nitie grisi mpya, na zile mbili tuagize nje. Kazi ya Sh 60,000 ikawa 240,000, halafu eti mimi ndiye ghali.

Ya pili ni adapta. Umeme wa Japani ni volti 100, wetu ni 230. Adapta ya kule ukiichomeka ukutani hapa, shukuru ikifa peke yake. Wengine wanaazima ya ruta ya intaneti kwa sababu pini imeingia. Kuingia si hoja! Angalia mchoro wa jumlisha na kutoa pembeni ya tundu.

Na kutyuni. Mashine za analogi husikia joto. Mimi naiwasha nusu saa nzima kabla ya kugusa trima, zile skrubu ndogo za ndani za kurekebishia noti, na feni nazima, jasho linanitoka. Wewe ukiitoa kwenye chumba chenye AC ukaipeleka barazani saa nane mchana, noti zikasogea kidogo, iache ipate joto, kisha rekebisha kwa kile kitufe cha kuzungusha kilicho juu. Usifungue. Mzee mmoja, mpiga besi wa siku nyingi na ninamheshimu sana, alizungusha kila trima aliyoiona. Oktava zake zikawa hazikutani kabisa. Nilianza upya noti kwa noti, mita mkononi, mpaka adhana ya magharibi.

Yule wa juzi alikuja asubuhi, bado amenuna. Sikubishana naye. Niliiunganisha kwenye spika kubwa nikamwambia abonyeze kimoja tu. Akabonyeza, akanyamaza, akabonyeza tena. Kisha akauliza kama nina batri, maana inakula sita za saizi C. Ninazo, kaka, ila hizo haziko kwenye bili.