Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Katika mwaka tunaoufunga, kazi kubwa ya chama chetu ilikuwa kuwafuata majumbani wazee wa hapa Tanga waliokwisha kutibiwa saratani. Wengi wao walipata mionzi au tibakemikali (dawa za kuua seli za saratani) katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, wakarejea nyumbani na kuhesabiwa kuwa wamepona. Tangu hapo, kila wanapolalamika huambiwa kwamba ni uzee.

Huko Ngamiani, bibi mmoja alikanyaga kaa la moto lililodondoka jikoni asilisikie, hadi muuguzi wetu alipomwinua mguu na kukuta lengelenge limekwisha kupasuka. Alipompitishia pamba vidoleni, bibi akiwa amefumba macho, hakuhisi chochote. Baadhi ya dawa za tibakemikali, zikiwamo paklitakseli na sisplatini, huathiri mishipa ya fahamu ya miguu na mikono, na ganzi hiyo huweza kudumu miaka kadhaa baada ya dawa kusimama. Mgonjwa akiwa na kisukari pia, hatari huongezeka. Sasa kukagua nyayo ni lazima katika kila ziara, na bibi haingii jikoni bila viatu, ingawa hachoki kulalamika kwamba vinambana.

Kwa wazee waliotibiwa saratani ya tezi dume kwa kuzuia homoni, tunaangalia zaidi hatari ya kuanguka, kwa kuwa mifupa yao hudhoofika, na wengi choo chao kiko uani, gizani. Akina mama walioondolewa tezi za kwapani walipotibiwa saratani ya matiti hufundishwa kutunza ngozi ya mkono na kutoa taarifa mapema ukianza kuvimba. Waliotibiwa shingo ya kizazi huona haya kueleza kwamba mionzi imewaachia damu chooni au mkojo usiozuilika. Hao tumewapangia wauguzi wa kike walio watu wazima, na kwa maoni yangu huo ndio uamuzi bora tulioufanya mwaka huu.

Kikwazo ni kumbukumbu: wazee wengi hawana karatasi inayoonyesha walipewa dawa gani wala mionzi ilielekezwa wapi. Kamati inapendekeza kwamba kila anayemaliza matibabu aombewe muhtasari wa matibabu yake, na nakala moja ikae kwa familia.

Hesabu atazisoma mweka hazina; mimi nitasema tu kwamba nauli za bodaboda zimetoka kwenye ada zenu, na waliochelewesha wanajijua. Naomba mkutano uidhinishe pendekezo la kamati, pamoja na kuanza ziara za Muheza na Pangani.