Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Suala la Oto na Uamuzi wa Karantini

Ndugu Wanachama,

Awali ya yote tumshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha salama mwisho wa mwaka. Shughuli za kawaida mnazifahamu, hivyo nazipitia haraka: mikutano minne ya robo mwaka ilifanyika, tulibadilishana mimea, tulinunua vipimo vya maji kwa pamoja, na somo la kusafisha filta lilirudiwa kwa wanachama wapya. Mapato na matumizi mengine atayasoma Mhazini. Muda wangu nautumia kwenye jambo lililozua maneno mengi kwenye kundi letu la WhatsApp, yaani uamuzi wa kamati wa kuwaweka oto, samaki wadogo wala mwani tuliowaagiza kwa ajili ya matangi ya wanachama, karantini wiki nne badala ya kuwagawa siku ileile walipofika.

Hesabu ni hii. Walifika samaki 120. Wiki mbili za mwanzo walikufa 31, wiki mbili zilizofuata walikufa 3, na 86 waliobaki waligawiwa wanachama. Mfuko wa chama ulitoa shilingi 540,000 kwa matangi mawili ya lita 100, filta za sponji, pampu ya hewa ya betri, vipimo vya amonia na nitriti (sumu zinazotokana na uchafu wa samaki), na dawa ya kuondoa klorini. Wapo waliosema kamati imeua samaki kwa fedha za wanachama. Kauli hiyo siikubali.

Oto ni kambare mdogo wa jenasi ya Otocinclus, mwenyeji wa mito ya Amerika Kusini. Akikomaa ana sentimita 3 hadi 5 tu. Wengi wanaouzwa wamevuliwa mtoni, na tangu wanaswe hadi wafike kwetu hupita mikono mingi bila kuona mwani. Bakteria wa utumboni wanaomsaidia kumeng'enya chakula hupungua anapokaa na njaa, na ikifika hapo, hata ukimwekea mwani anaula bila kufaidika. Ndiyo maana samaki anaonekana mzima leo, keshokutwa umemkuta amelala kwenye changarawe. Wale 31 walifika wamebonyea matumbo. Tungewagawa siku ileile, wangekufia majumbani mwenu, na kila mtu angelaumu maji yake. Wengine wangekimbilia dawa zenye shaba, ambazo zingemaliza waliobaki pamoja na kamba wadogo waliomo tangini.

Mpango wa karantini niliuandika mimi mwenyewe na kamati ikauridhia bila kupunguza neno. Nauweka hapa wazi ili anayeubeza aonyeshe kasoro yake. Wiki mbili kabla, mawe laini ya mtoni yaliwekwa juani kwenye ndoo zenye maji yaliyotolewa kwenye matangi ya zamani, hadi yakashika utando wa kijani. Filta za sponji zilikuwa zimekwisha kufanya kazi mwezi mzima kwenye matangi yaliyokomaa, kwa hiyo bakteria wa kusafisha maji walikuwemo tangu siku ya kwanza. Chini tulitandaza majani makavu ya mkungu, yale yanayodondoka bure kandokando ya barabara zetu hapa Dar es Salaam, yaliyookotwa mbali na moshi wa magari na kuoshwa vizuri. Yakioza taratibu hutoa utando ambao oto huukwangua usiku kucha.

Siku ya mapokezi palihitaji uangalifu mkubwa. Mfuko ukifungwa muda mrefu, kaboni dioksidi hujaa na pH hushuka, yaani maji huwa na asidi zaidi, na amonia inakuwa haina makali. Ukiufungua, gesi hutoka, pH hupanda, na amonia ileile inageuka sumu. Kwa hiyo dawa ya kufunga amonia iliingia kwenye ndoo walimomiminwa samaki na maji yao ya mfuko, kabla ya kuanza kudondosha humo maji ya tangi ili wayazoee taratibu. Mpira wa pampu ya hewa ulipigwa fundo moja ili utoe matone mawili kwa sekunde, na zoezi likakamilika ndani ya saa moja. Maji ya mfuko hayakuingia tangini hata kidogo.

Baada ya hapo maji yalibadilishwa asilimia 20 kila siku ya pili. Jioni waliwekewa mchicha uliochovywa kwenye maji ya moto dakika moja, au kipande cha tango kilichochomwa uma ili kizame, na mabaki yakatolewa asubuhi kabla hayajachachua maji. Jiwe lililokwanguliwa lilirudi juani, likaingia jingine.

Kumkagua oto ni rahisi, na nawasihi mjizoeze. Anapojibandika kwenye kioo, zungukia upande wa pili umtazame tumboni. Linatakiwa lijae kidogo, lipite usawa wa mbavu. Likiwa limeingia ndani nyuma ya mapezi ya tumbo, huyo ana njaa hata kama anatembea. Akipanda juu mara mojamoja na kugugumia hewa, msishtuke, maana koo lake limeumbwa kuweza kufyonza hewa. Kundi zima likipanda kila dakika, pima nitriti mara moja na uongeze hewa.

Lalamiko la pili ni la wanachama 11 walionyimwa samaki. Walinyimwa kwa sababu matangi yao hayakuwa yametimiza miezi mitatu, au maji yao hayafai. Tangi jipya huwa na mwani wa kahawia, nao oto huupenda sana, ila huumaliza kwa siku chache kisha hakuna utando mwingine wa kuwashikiza. Mwenye samaki wa Ziwa Tanganyika anafuga kwenye pH inayokaribia 9 na maji magumu, ilhali oto anataka pH 6 hadi 7.5 na maji laini au ya wastani. Wenye visima vya maji ya chumvi nao tuliwaambia wachanganye na maji ya mvua, wapime, kisha waje. Hatukumbagua mtu.

Baadhi ya waliokasirika walikwenda kujinunulia madukani "wala mwani" wa bei rahisi. Walichopewa ni Gyrinocheilus, ambaye anapita sentimita 25, na akikua anaacha mwani na kunyonya ute kwenye ubavu wa samaki wenzake. Wengine walipewa pleko wa kawaida, kambare mwingine mla mwani, anayeweza kufika sentimita 40. Wakiwashinda, tafadhali wasiwatupe mtoni. Mexico na Florida wanahangaika na jamaa wa pleko hao hadi leo.

Pia tuache kumwona oto kama mfagiaji. Mwani mweusi wa manyoya haugusi, na madoa magumu ya kijani kwenye kioo yanamshinda. Mwani wa namna hiyo hupunguzwa kwa kupunguza saa za taa na kubadili maji. Oto wanahitaji wenzao, wasipungue sita, kwenye tangi lisilopungua lita 60, na kioo kikishang'aa mchicha uendelee. Kuanzia Desemba hadi Machi maji ya matangi yetu hufika nyuzi 30, wakati oto wanapendelea 22 hadi 26. Fungueni mfuniko, elekezeni feni juu ya maji, mtashusha nyuzi 2 au 3. Maji yanayopungua kwa mvuke yajazieni kwa maji laini, kwa kuwa madini hayapandi na mvuke, yanabaki na kurundikana. Umeme ukikatika usiku, pampu ya betri ndiyo salama yenu.

Sasa nizungumzie mahudhurio, na nasema kwa uchungu. Chama kina wanachama 58. Mkutano wa pili, uliopitisha karantini, ulihudhuriwa na 19. Ajenda ilitumwa wiki mbili kabla. Waliopinga kwa sauti kubwa kwenye simu hawakufika wala kutoa udhuru. Ada ya mwaka ni shilingi 36,000, na hadi naandika taarifa hii waliolipa yote ni 23, waliolipa nusu 9, waliobaki hawajatoa kitu. Bado samaki walipofika, simu za kwanza kunipigia zilitoka kwa wasiolipa. Matangi ya karantini yanahitaji umeme, dawa na mtu wa kuyaangalia kila siku, na kazi hiyo imefanywa na wajumbe wawili na mimi bila posho.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, Mungu akijalia, kuagiza kundi jingine kwa utaratibu uleule. Tungependa pia kujaribu kuwazalisha. Oto hutaga mayai madogo kwenye majani na vioo, na makinda yanahitaji utando wa mwani tangu wanapoanza kula, hivyo mawe ya juani yatafaa tena. Muda na bajeti vitategemea michango. Anayetaka kujiandikisha alete majibu ya kipimo cha pH, amonia na nitriti ya tangi lake pamoja na risiti ya ada, amkabidhi Katibu.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti