Taarifa ya mwenyekiti kwa wanaumoja: mwaka wa salfeti mbili

Wanaumoja habari zenu, wakubwa zangu shikamooni. Taarifa ya mwaka jana wengi mliisikiliza macho yakiwa kwenye sufuria la pilau, kwahiyo safari hii nimeiandika kabisa kila mtu aisome kwa muda wake, maswali mje nayo siku ya mkutano. Ya hela ataeleza mweka hazina, mi naongelea kazi yetu ya kukusanya taka hapa Moshi.

Nianze na aibu yetu, maana mkiisikia huko mtaani itakuwa mbaya zaidi.

Mnakumbuka mwanzoni mwa mwaka tulipita nyumba kwa nyumba Pasua na Majengo kuhubiri kutenganisha, salfeti moja mabichi yani maganda, makombo, majani, na salfeti nyingine makavu yani chupa, makopo, maboksi. Watu wakaelewa, sio wote ila wengi. Tukakaa kama miezi miwili tunashangaa mbona chupa zinazofika kwetu ni zilezile zimepakwa ugali na mchuzi, tukaanza kuwalaumu wananchi, na mimi mwenyewe kwenye kikao nilisema watu wa mtaa ule ni wagumu kuelewa. Kumbe bwana! Siku moja asubuhi mama mmoja wa Pasua anayeuza mbege akaniita, we mwenyekiti hebu simama hapa kidogo. Nikasimama. Guta letu la kubebea taka likaja, kijana akamimina salfeti ya mabichi, akachukua ya makavu akamimina palepale juu yake, akapanda akakanyaga na buti mzigo ushuke vizuri, akaondoka zake anapiga mluzi. Yule mama hakugomba wala nini, alikuwa ananiangalia tu. Mi nikajikuta nanunua mbege saa mbili asubuhi.

Kijana hana kosa, guta lina tumbo moja na hakuna mtu kati yetu viongozi aliyewahi kulifikiria hilo. Tukampa fundi oda ya kuweka ubao katikati, ukawekwa, wiki ya pili guta likalala ubavu kwenye tuta mchana kweupe kwasababu mabichi yana maji ni mazito na upande wa pili ni machupa matupu yamejaa upepo. Ndo tukaja na mpango wa sasa wa siku, mabichi Jumatatu na Alhamisi, makavu Jumamosi basi, hakuna mchanganyiko. Kingekuwa kitu cha kufikiria siku ya kwanza lakini ndo hivo.

Sasa kwanini nang'ang'ana na mabichi wakati hela iko kwenye chupa? Kwasababu mabichi ndo mzigo wenyewe. Kwenye miji yetu huku taka za jikoni na sokoni zinazidi nusu ya taka zote, na kwa mji wa watu wa mtori na ndizi nyama kama Moshi sidhani kama kuna wa kubisha, pita soko la Mbuyuni jioni uone. Maganda yakienda dampo yakafukiwa na vitu vingine hayapati hewa, yanaoza vibaya, yanatoa methani ambayo inashika moto na inachangia joto la dunia kwa kasi kuliko hewa ukaa, na yanatoa yale maji meusi yanayoshuka ardhini. Ganda hilohilo ukilipa hewa linakuwa mboji. Wazee wetu kule kwenye vihamba, yale mashamba ya migomba ya nyumbani, walilijua hili bila semina, ganda linaenda kwa ng'ombe, samadi inaenda kwenye mgomba, mgomba unarudi mezani, walikuwa hawana hata neno la dampo. Tumekuja mjini tukaacha ng'ombe nyuma tukabaki na ganda.

Kwahiyo tukawatafuta ng'ombe. Wafugaji wawili wa upande wa Rau walikubali kuchukua maganda bure, mmoja akasitisha baada ya wiki tatu na ana haki, alikuta vipande vya nailoni kwenye hori. Nailoni haisagiki kwenye tumbo la ng'ombe, inajikusanya hukohuko mpaka mnyama anaacha kula anakonda. Amesema atarudi akiona tunachambua kwa mkono kabla ya kupeleka, sasa tunachambua. Yanayobaki yanaingia kwenye mboji nyuma ya banda, tunageuza kila wiki, na wale mliosema mnaona moshi pale asubuhi sio moto jamani ni mvuke, katikati ya lundo panachemka ukiingiza mkono unautoa mbio.

Chupa. Tangu siku za kutenganisha zianze chupa zinakuja kavu na bei imebadilika, mnunuzi hakati tena kilo za uchafu. Ila tulikuwa tunapoteza kwenye vizibo bila kujua. Nilifanya majaribio kwenye ndoo mbele ya vijana, nikakata kipande cha chupa ya maji nikakitumbukiza kikazama, nikaweka kizibo chake kikaelea. Ni plastiki mbili tofauti, kiwandani zikisagwa zinatenganishwa kwa maji hivohivo, lakini ukivitoa vizibo mapema ukaviuza peke yake unapata bei yake na chupa zinabanika vizuri maana hewa inatoka. Watoto wa mwanakikundi mmoja wamejaza ndoo mbili likizo hii.

Mizani sasa. Kuna mnunuzi, jina naliacha, tulimuuzia karibu mwaka mzima. Siku moja katibu akapima gunia kwa mangi wa duka akapata kilo 19, tukalifikisha kwa mnunuzi likasoma 16. Nikamuuliza akasema njiani chupa zimepungua hewa. Hewa! Tumenunua mizani yetu na huyo tumeachana naye.

Jingine linaniuma, kijana wetu alichomwa na sindano kwenye mfuko uliotoka zahanati moja hapa mjini. Alipelekwa kupimwa akaanzishiwa dawa za kinga haraka, yuko salama. Taka za hospitali hazitakiwi kabisa kuingia kwenye guta letu, sindano zina maboksi yake ya njano na zinachomwa kwenye tanuri. Ukiuona mfuko wa hivo usiuguse, piga simu kwa katibu. Na glavu zile nene zivaliwe sio zining'inie kiunoni kama urembo.

Tulienda pia kuongea na diwani. Tulimwambia hivi, soda ya chupa ya kioo mtaroni huikuti, kwanini? Kwasababu ukiondoka na chupa mangi anashika hela yako. Ya plastiki haina mwenyewe ndo maana masika inaziba mifereji. Ujerumani tangu 2003 chupa nyingi za plastiki zina senti 25 za euro juu yake, unarudisha dukani unapewa hela yako, kwahiyo hata anayeitupa kuna mwenzake anaiokota mbio. Mifuko ya plastiki tuliweza kuipiga marufuku hapa Tanzania 1 Juni 2019 na watu wakazoea kubeba vikapu, japo sasa vile vifungashio laini vya karanga vimegeuzwa mifuko tena na kila mtu anajifanya haoni. Diwani alisikiliza, akasema hilo la chupa ni la ngazi ya taifa sio la halmashauri, ni kweli, lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imeipa halmashauri jukumu la taka ngumu na siku maalum za kukusanya mabichi na makavu inaweza kuzipanga yenyewe kesho asubuhi. Tumeomba waanze na mtaa mmoja tu. Tunasubiri barua.

Pampasi bado hatuna jibu. Zinakuja zimefichwa kwenye makavu na hazina mnunuzi, mwenye wazo aje nalo.

Ada ya taka buku mbili kwa mwezi, kuna nyumba zinadaiwa toka mwezi wa sita na zingine ni za kwetu wenyewe viongozi, mweka hazina atasoma orodha bila kuruka. Mkutano ni Jumapili baada ya ibada, kila mtu aje na kikombe chake maana vikombe vya kutupa hatununui tena. Na wale mnaokuja kujipimia uzito kwenye mizani ya umoja, pimeni jioni, asubuhi kuna mzigo.